Sauti ya Bi Mayasa

Wateja wa Wairimu huanza kwa kulia, halafu hunywa chai, halafu hudanganya. Miaka tisa ya kuwasaka wanaoiba kwa kalamu katika benki moja ya Sandton, Johannesburg, na mitano ya kujitegemea katika ofisi yake ya chumba kimoja huko Newtown, ilikuwa imemzoesha mpangilio huo. Bi Mayasa alimvurugia. Hakulia, na hakuonekana kudanganya. Alimkaribisha nyumbani kwake Troyeville saa mbili asubuhi, Jumatatu ya baridi kali ya Juni, akamkalisha kitako sebuleni na kumweleza shida yake kwa sauti nzito iliyokwaruza kama mlango wa bati.

"Nitafutie mtu alomtilia mwanangu sumu," alisema. "Ijumaa saa tisa Wamarekani wanamsikiliza kwenye kompyuta. Akiwa hana la kuwaonesha, ndo basi tena. Wanamfuta."

Mwanawe alikuwa Mwadini, kijana wa miaka ishirini na tatu, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa na umri wa miaka mitatu. Wenzake wa mtaani walipokuwa wanakimbizana na mpira wa miguu, yeye aliangukia besiboli, mchezo ambao nusu ya Troyeville haijui hata unaanzaje. Alikuwa mrushaji. Alirusha hadi Wamarekani wakamwona, na kwa misimu miwili alikuwa ameajiriwa na klabu moja huko kwao, daraja la chini, akisubiri kupanda. Kila Oktoba, ligi ikifungwa, alirudi kwa mama yake. Kila Februari aliondoka.

Februari hii alifika kambini, akapewa kikopo akojoe. Mkojo ulikutwa na stanozololi, dawa ya jamii ya steroidi inayojenga misuli. Aprili wakamrudisha nyumbani.

Sheria ya mchezo huo ni fupi. Kilichokutwa mwilini mwa mchezaji ni chake, awe alikijua au hakukijua. Umeachwa upenyo mmoja tu: akithibitisha kiliingia kupitia wapi, na kwamba hakujua, adhabu hupunguzwa na klabu yaweza kumbakisha. Akishindwa, mkataba unachanwa. Miezi miwili ilikuwa imepita na Mwadini hakuwa na lolote la kuthibitisha.

Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mrefu, amejifunika kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi. Wairimu alimuuliza kwa Kiswahili. Alijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wengi waliokulia mji huu, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kusikiliza.

"Kuna dawa uliyokunywa wakati wa likizo?"

"Hapana."

"Sindano? Poda?"

"Poda ya protini. Klabu iliikubali."

"Ulifanya mazoezi na nani?"

"Sidney. Kule Turffontein." Kisha akaongeza neno ambalo hakuna aliyemuuliza. "Sidney anafanya kazi na farasi."

Wairimu aliandika neno hilo, na pembeni yake akaandika pia kwamba hakuulizwa.

"Aliporudi Oktoba ungemwona ungelia," alidakia Bi Mayasa. "Kakonda, mashavu hana. Kila nnaekutana naye ananambia, Bi Mayasa, huko Amerika wanamfunga njaa mwanao? Nilikuwa siwezi kupita msikitini. Nikamlisha mie, mpaka Februari kaondoka mwanamme khasa." Aliuvuta mtandio ukaziba kidevu. Mkono wake haukubanduka kidevuni asubuhi nzima. "Hebu kunywa uji, mwanangu, baridi hii."

Aliweka bakuli mezani. Ulikuwa uji mweusi mweusi, wenye samli juu, na mvuke wake ulimwingia Wairimu puani hadi akakohoa.

"Wa pilipili manga," alisema Bi Mayasa. "Kwetu tunampa mzazi, akishajifungua, umrejeshee nguvu. Mwadini alikuwa akinicheka, Mama, mimi nimezaa lini? Lakini akiumaliza. Sasa hataki kuuona. Basi naunywa mwenyewe."

"Unapika kila siku, na hanywi?"

"Hata alipokuwa hayupo nikipika. Februari, Machi. Nikishasali alfajiri mkono unakwenda kwenye sufuria wenyewe. Nikiukoroga nahisi yumo chumbani kalala, saa yoyote atatoka na miguu yake mikubwa ile. Ukishaiva, nitampa nani? Naunywa." Alisema hivyo bila haya yoyote, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

Wairimu ana vidonda vya tumbo, na pilipili kwake ni marufuku ya daktari. Aliomba chai badala yake. Ukutani, juu ya televisheni, palikuwa na picha ya wanawake kumi na wawili waliovaa kijani kwenye maulidi. Wa katikati, aliyefumba macho na kufungua kinywa, alikuwa Bi Mayasa.

"Nilikuwa nasoma kasida," alisema mwenyeji wake alipomwona akitazama. "Sauti yangu ikisikika mpaka barabarani, magari yanapunguza mwendo. Tangu Machi imenikauka hivi. Daktari kanambia mafua. Mwaka huu nimekaa nyuma napiga makofi tu."

Mwadini aliinuka akaenda chumbani kwake.

*

Kesho yake asubuhi Sidney alikuwa akimsugua farasi mwekundu mgongoni, kwenye zizi moja la mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio wa Turffontein. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, mfupi, mpana, mwenye masikio yaliyovunjwa na ndondi za ujana. Asubuhi alitunza farasi wa watu. Mchana alifundisha vijana kunyanyua vyuma. Katika hadithi za upelelezi mtu wa namna hii hukamatwa kabla ya chakula cha mchana, na Wairimu, ambaye ni binadamu, alikuwa amekwenda akiwa na matumaini hayo.

"Stanozololi hutumika kwa farasi," alimwambia.

"Ilitumika sana zamani. Siku hizi ukipatikana nayo hapa, unafukuzwa na farasi wako." Sidney hakuacha kusugua. "Ndani ya hii stoo kuna kabati. Daktari wa wanyama ndiye ana ufunguo. Kila chupa inaandikwa kitabuni, na kila farasi akikimbia anapimwa kama hao wachezaji wako. Mimi hushika brashi na koleo la mavi. Kitabu kiko pale, soma."

Wairimu alikisoma. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akapitia kurasa za Oktoba hadi Februari, jina la dawa, kipimo, sahihi, jina la farasi. Benki zimewahi kumletea vitabu vichafu zaidi ya hicho. Hakukuta stanozololi wala ukurasa uliochanwa.

"Nani amekutuma kwangu?" aliuliza Sidney. "Ni Mwadini?"

Wairimu alifunga kitabu, na hiyo ilimtosha Sidney. Aliiweka brashi chini polepole.

"Huyo kijana nilikuwa nikimfungulia mlango saa kumi na moja asubuhi, dadangu. Miezi minne. Sikumwitisha hata asante." Alitema mate pembeni. "Haya, wacha nikusaidie kazi yako. Mwisho wa Novemba mkono wake ulibadilika. Nina kile kipimo cha kasi. Oktoba alikuwa anarusha maili themanini na nane kwa saa. Krismasi, tisini na tatu. Mtu haongezi maili tano kwa miezi miwili. Nikamwuliza, we, kwani unakula nini? Akacheka. Akasema ni chakula cha nyumbani."

"Na hukumshuku?"

"Nilimshuku. Nikanyamaza. Nilitaka aende juu." Alimtazama Wairimu machoni kwa mara ya kwanza. "Andika hiyo pia. Lakini kabla hujaandika kingine, ongea na Cédric."

Cédric alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa na glavu kuupokea mpira wa mrushaji. Alikuwa kijana wa Bukavu aliyekulia Rosettenville, na wakati huo alikuwa nje ya zizi akitupa mpira ukutani peke yake. Aliumia goti mwezi Mei, ndiyo maana alikuwa nyumbani. Yeye na Mwadini waliondoka Februari kwa ndege moja, wakaenda klabu mbili tofauti, wakapimwa wiki moja. Cédric alikutwa safi.

"Mlikuwa mnakula pamoja?"

"Yote, Mama. Maji ya chupa moja. Ile poudre, kopo moja, kijiko kimoja. Mukate wa mi ni wake. Sidney iko shahidi."

"Hakuna hata kitu kimoja alichotumia yeye, wewe hukutumia?"

Cédric aliuzungusha mpira mkononi akifikiri. "Asubuhi tu. Asubuhi kila mutu anakula kwabo. Mi nakunywa chai. Ye alikuwa anakuya na arufu ya pilipili mu kinywa, mupaka tunamucheka."

Wairimu alirudi garini akakaa bila kuwasha injini. Kama kila kitu cha mazoezini kilikuwa cha wawili, basi kilichomtia doa mmoja hakikuwa cha mazoezini. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Alichokosa ni sababu. Nani ndani ya nyumba ile angemtilia Mwadini dawa ya kunenepesha misuli, na kwa nini?

Simu ililia. Ilikuwa video kutoka Nyeri, mama yake, ambaye hupiga kila Jumanne na kuanza kabla ya salamu.

"Geuza uso nione. Hivyo. Umekonda, Wairimu."

"Sijakonda, Maitũ."

"Nakuona. Wakija watu hapa wakaniuliza, nitawaambia nini? Kwamba mtoto wangu yuko Johannesburg na hali chakula?" Picha ilikatika, ikarudi, ikabaki kwenye paji la uso la mama na kipande cha dari ambayo Wairimu alikuwa ameigharimia kwa mshahara wake wa kwanza na hajawahi kulala chini yake zaidi ya siku kumi mfululizo. "Ungekuwa hapa ningekunenepesha mwezi mmoja."

Baada ya kuagana, Wairimu alitazama kioo kilichozimika. Alitamani kurudi nyumbani. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, alimpigia Bi Mayasa.

"Mama Mwadini, vitu vya uji unanunua wapi?"

"Mtama nanunua Fordsburg. Pilipili naletewa na watu wakija kutoka kwetu, hizi za hapa hazina kitu. Na uwatu kwa Marcelline, hapo hapo kwenu Newtown."

"Uwatu wa kazi gani?"

"Ya Rabi, mwanangu, wa kunenepesha," alisema Bi Mayasa. "Wa Marcelline si uwatu wa mchezo."

*

Meza ya Marcelline ilikuwa kati ya muuza vinyago na muuza mikanda, umbali wa dakika tatu kutoka ofisini kwa Wairimu, ambaye alikuwa ameipita mara mia. Vitenge vilikuwa mbele. Nyuma, chini ya turubai, zilikuwa sabuni, mafuta, vichungi vya chai, na pakiti za plastiki zilizofungwa kwa uzi mwekundu, zikiwa na unga wa manjano.

"Uwatu?" Wairimu aliuliza.

"Uwatu ya kunonesha," alisema Marcelline, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimkagua mteja wake kuanzia juu hadi chini. "We unahitaji, Mama. Kijiko kimoja mu uji, kila asubuhi. Mu mwezi moja nguo zitakukatala."

"Uwatu mtupu unafanya hivyo?"

"Aah, iko na kitu bamechanganya. Mi sijue. Kuko bwana mumoja analeta mu mufuko, mi nafunga tu. Ba bibi harusi bote banainunua. Ba Tanzania, ba Burundi, sisi. Hakuna mwenye aliisha kulalamika."

Wairimu alinunua pakiti. Kisha akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi, na uso wa Marcelline ukafungwa kama duka.

"Sina shida na wewe," Wairimu alimwambia. "Nataka kujua mtu mmoja tu. Bi Mayasa, wa Troyeville."

"Ule mama wa sauti?" Marcelline alishusha pumzi. "Mama muzuri. Alianza Octobre. Anakuya kila mwezi, tarehe mbili, tarehe tatu. Ni kwa mtoto wake, anasema amekonda."

"Kila mwezi, bila kukosa?"

"Bila kukosa. Mu Avril tu alikuya mara mbili. Mwanzo ya mwezi, tena katikati. Anasema pakiti imepotea mu jikoni, ametafuta mupaka kwenye takataka."

Wairimu aliandika: Aprili, katikati, pakiti imepotea. Mwadini alirudishwa nyumbani tarehe kumi na moja Aprili. Alipigia mstari chini ya tarehe, kisha akasimama pale akiitazama kwa muda mrefu hadi Marcelline akamuuliza kama anaumwa.

*

Eugene alipiga simu Alhamisi saa sita mchana. Ni mfamasia, Mkenya mwenzake wa kanisani, mwenye rafiki maabara asiyependa maswali mengi, na Wairimu alikuwa amempa kijiko cha unga ule.

"Vidonge vya farasi," alisema. "Vimetwangwa vikachanganywa na uwatu. Stanozololi ile ile ya kwenye karatasi zenu. Kijiko kimoja cha unga huo kwa siku kinatosha kabisa kumwangusha mchezaji kwenye kipimo."

"Eugene, na mwanamke wa miaka hamsini na mbili? Akionja kuanzia Oktoba, halafu kuanzia Februari akanywa bakuli zima kila siku?"

"Angeota ndevu. Sauti ingekuwa nzito."

"Ikishakuwa nzito?"

Alimweleza. Wairimu alimshukuru, akakaa na jibu hilo mpaka chai ikapoa.

Alasiri hiyo aliandika ripoti. Ilitoka kurasa nne, safi kuliko alivyotarajia. Chanzo: unga wa uwatu uliotiwa dawa, umenunuliwa na mzazi kwa nia njema. Uthibitisho wa kwanza: pakiti na majibu ya maabara. Uthibitisho wa pili, ambao wakili yeyote angeuonea wivu: mkojo wa Bi Mayasa mwenyewe, ambao ukipimwa leo utakutwa na dawa ile ile. Kwenye ukurasa wa nne, mstari wa mwisho, aliandika: Mchezaji hakujua.

Aliusoma mstari huo mara tatu. Kisha akachukua daftari lake na kuusoma ule wa Aprili.

*

Mama na mwana walikuwa sebuleni wote wawili Wairimu alipofika saa kumi. Jua la Juni liliingia kwa mshazari likaangukia meza. Bi Mayasa alimletea chai bila kuuliza. Mwadini alikuwa kwenye kiti kile kile cha pembeni.

Wairimu aliweka pakiti mezani, uzi mwekundu ukiwa juu.

"Uwatu wangu huo," alisema Bi Mayasa. "Umeupata wapi?"

Alimweleza. Hakulizungusha jambo, kwa sababu kulizungusha kungekuwa kumtesa. Alimtajia vidonge, farasi, kijiko cha kila asubuhi. Alipomaliza, mkono wa Bi Mayasa ulikuwa umepanda kidevuni wenyewe na kutulia pale.

"Basi ni mie," alisema.

"Hukujua, Mama Mwadini."

"Nilompa ni mie. Mwanangu kaharamishiwa mchezo wake kwa mkono huu." Aliutazama mkono huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha, ghafla, uso ukamfunguka. "Lakini basi si ndo salama yake? Yeye hana kosa. Andika. Jina langu lote liandike, na la baba yangu. Nitakaa mbele ya kompyuta yao waniulize."

"Inawezekana kuwa rahisi zaidi. Watapima mkojo wako. Kwa sababu na wewe umekuwa ukiunywa."

"Kila siku. Hata leo asubuhi."

"Haiwezekani."

Aliyesema ni Mwadini. Alikuwa amesimama, na alikuwa amesema kwa Kiswahili. Sauti yake katika lugha hiyo ilikuwa ya mtoto zaidi.

"Haiwezekani, Mama. Ile niliitupa."

Nje gari lilipita na muziki wake, likakata kona, muziki ukaisha. Wairimu alikiweka kikombe chini. Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha usingizi tangu Jumanne: mtu asiyejua dawa imeingia wapi hatupi pakiti ya uwatu. Anayetafuta kujisafisha angeikumbatia. Aliitupa mtu aliyejua tayari, na aliyetaka isionekane.

"Aprili," alisema Wairimu.

"Aprili. Siku niliyorudi."

Ndipo Bi Mayasa alipolia. Na akiwa bado analia, kwa ile sauti nzito isiyokuwa yake, alidanganya pia.

"Kiswahili chake kibovu huyu," alimwambia Wairimu, amemshika mkono. "Tangu mdogo hasemi vizuri. Hakukusudia kutupa. Alikusudia ... aliimwaga. Bahati mbaya, jikoni, ikamwagika. Wewe umenifahamu, mwanangu. Andika hakujua. Ushaandika, sivyo? Basi iache hivyo hivyo."

"Mama."

"Nyamaza wewe."

"Nilijua," alisema Mwadini. Alisema taratibu, akiokota maneno moja moja, na Wairimu akaelewa kwamba alikuwa amechagua lugha hiyo ili neno lolote lisimpite mama yake. "Mwezi wa kumi na mbili nilijua. Mkono ulikuwa na nguvu sana. Nikaona pakiti. Nikachukua kidogo, nikampa mtu wa gym mwingine, si Sidney. Akasema, hii iko na steroidi. Ningekwambia. Lakini ukishajua utaacha. Sikutaka uache. Mpira ulikuwa unaenda, Mama. Miaka miwili nimekaa kule, kwenye basi, kwenye vyumba vibaya, na watu wananiambia bado kidogo, bado kidogo. Nikarusha tisini na tatu. Nikajisemea, hata kama wakinishika, mimi sikuitia. Nimepewa tu."

"Na Sidney ukamtaja wa nini?" aliuliza Wairimu.

"Niliogopa ungeangalia jikoni." Hakuinua macho. "Nitamwendea mwenyewe."

"Na miezi hii miwili yote?"

"Nikisema chanzo, lazima nimtaje yeye. Wataandika kwenye magazeti, mama amemlisha mtoto dawa ya farasi. Nikaona bora niitwe mwizi." Alimgeukia Bi Mayasa. "Lakini sikujua kama unakunywa na wewe. Sikujua umenunua nyingine. Nikakuona na uji, nikasema ni uji tu, pakiti si nimeshaitupa. Sauti yako ... nilifikiri ni mafua, kama ulivyosema."

Akamtazama Wairimu. Kofia ilikuwa imemwangukia mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alionekana uso wote, mashavu yamejaa, kazi nzuri ya mama yake.

"Itarudi?" aliuliza. "Sauti yake. Akiacha sasa."

Wairimu amewahi kuwaambia watu habari mbaya za kila aina, na amejifunza kwamba kilicho kifupi ndicho kinachovumilika.

"Nywele zitapungua," alisema. "Sauti hairudi."

Mwadini alikaa chini, palepale sakafuni, miguu yake mirefu ikiwa imekunjika vibaya, akaficha uso kwenye viwiko. Bi Mayasa alimtazama. Alitazama pia ile picha ya juu ya televisheni, kwa muda mfupi, kisha akaiacha. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na alipomaliza hakuurudisha kidevuni. Vinyweleo vilikuwa pale, vifupi, vyeusi, mwanga wa jua ukiviangukia, na hakuvificha tena.

"Kila alfajiri niliomba urudi," alimwambia mwanawe. "Sikuomba upande juu wala ushinde. Niliomba urudi tu nyumbani. Kasida zote nilizosoma, ndani yake nikiomba hilo."

Alinyoosha mkono akamshika kichwa.

"Haya umerudi," alisema. "Bi Wairimu, andika kama alivyosema."

Wairimu alitoa ripoti mkobani, akafungua ukurasa wa nne. Alipiga mstari juu ya neno la mwisho, akaandika jipya pembeni, akatia sahihi na tarehe palipofutwa, kama alivyofundishwa benki. Mezani chai yake ilikuwa imebaki nusu. Bi Mayasa aliichukua pakiti yenye uzi mwekundu, akaingia nayo jikoni, na wakasikia mfereji ukifunguliwa. Maji yalitiririka kwa muda mrefu. Katikati ya maji hayo, kwa mazoea tu, alianza kuimba kitu, akafika kwenye neno la tatu linalopanda, akanyamaza.